MAHALI PA KUTUA HELIKOPTA: ULINZI WA WATU NA KAZI YA LESENI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa Wanachama)



Halmashauri ya Chama imeniagiza niseme nanyi jioni hii juu ya mahali pa kutua helikopta: jinsi panavyopasa kupimwa, kulindwa na kupatiwa leseni. Najua wako wanachama wanaosema mioyoni mwao, "Jambo hili latuhusu nini sisi makarani? Hatuendeshi helikopta, wala wengi wetu hatujapata kuipanda." Neno hilo si la kudharauliwa, nami nitalijibu. Lakini kwanza naomba mnivumilie nieleze chombo chenyewe, maana mtu asiyejua jinsi chombo kinavyopanda hawezi kufahamu kwa nini mahali pake pa kutua pana hatari.

Eropleni ina mabawa yasiyoondoka mahali pake, nayo haina budi kukimbia mbele kwa kasi ndipo hewa iipandishe. Kwa sababu hiyo yahitaji njia ndefu iliyo sawa. Helikopta haina haja ya njia hiyo. Mapanga yake huzunguka juu yake, yakaisukuma hewa chini kwa nguvu, na kwa kule kuisukuma hewa chini chombo chenyewe hupanda. Hapo ndipo ilipo fahari yake, kwamba yaweza kutua penye uwanja mdogo. Na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake. Hewa ile iliyosukumwa haipotei. Huipiga ardhi, kisha hutawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Kadiri chombo kilivyo kizito, ndivyo upepo wake ulivyo mkali. Upepo huo huinua vumbi na kokoto, hung'oa mabati yasiyopigiliwa sawasawa, hurusha miavuli na vibanda vya wachuuzi, tena waweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama.

Zaidi ya upepo, yako mapanga yenyewe. Yakizunguka kwa kasi hayaonekani vema kwa macho. Lile dogo la mkiani ndilo la hila zaidi, kwa kuwa liko nyuma, mahali asipopaona rubani, na katika vyombo vingi liko karibu na kimo cha mtu. Hii ndiyo sababu wenye kazi hii hufundishwa kwamba mtu asiikaribie helikopta mpaka rubani amempa ishara. Tena aiendee kwa mbele au kwa ubavu, asiiendee kwa nyuma kamwe. Na ikiwa imetua penye mteremko, asishuke kuiendea kutoka upande wa juu wa kilima, kwa maana upande huo mapanga yako karibu na kichwa chake.

Sasa nije kwenye vipimo. Mataifa yalipatana huko Chicago tarehe 7 Desemba 1944 juu ya mambo ya usafiri wa anga, na kwa mapatano hayo likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Mapatano hayo yana viambatisho vingi. Kiambatisho cha 14 chahusu viwanja, na tangu 1990 kimekuwa na kitabu cha pili kinachotaja viwanja vya helikopta peke yake. Nchi zilizomo katika mapatano hayo, na zetu za Afrika Mashariki zimo, hutunga kanuni zao kwa kufuata msingi huo.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa helikopta yenyewe mapanga yakizunguka, tangu ncha ya mbele hata ncha ya nyuma. Wenye kazi hukiita kwa herufi moja, D. Karibu kila kipimo kingine hutoka katika hicho. Mathalani, helikopta kubwa iitwayo Sikorsky S-92 ina D ya karibu meta 21, na uzito wake ikijaa wafikia tani 12 hivi. Kuuzunguka uwanja wake wa kutulia, kanuni yataka uwanda wa usalama usiopungua meta 3 au robo ya D, kwa kufuata kile kilicho kikubwa. Kwa chombo kama hicho uwanda huo huwa wa zaidi ya meta 5 kila upande, wala usiwe na kitu chochote kinachosimama ila vile visivyoweza kukosekana, kama taa fupi zivunjikazo upesi.

Tena yapasa ziwepo njia mbili angani za kujia na kuondokea, zilizoachana kwa nyuzi zisizopungua 135, ili rubani asilazimike kutua upepo ukimsukuma kutoka nyuma. Njia hizo zisizibwe na miti, nguzo, minara wala nyaya. Nyaya za umeme na za simu ni adui mkubwa, kwa kuwa mwenye kuruka angani aghalabu huiona nguzo asiuone waya.

Alama ya uwanja ni herufi H nyeupe, yenye kimo kisichopungua meta 3 na upana wa meta 1.8. Kwa hospitali, H huwa nyekundu juu ya msalaba mweupe. Uwe pia na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kumwonyesha rubani upepo watoka wapi, uliowekwa mahali ambapo majengo hayaudanganyi. Na kwa kazi ya usiku, taa za kijani kuuzunguka mduara wa kutulia. Tena ziwepo zana za kuzimia moto, na watu waliofundishwa kuzitumia.

Waheshimiwa, nimevitaja vipimo hivi kwa makusudi. Mkivitazama vema mtaona kwamba sehemu yake kubwa yamlinda rubani, abiria na chombo. Hilo ni jema. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hakupanda helikopta, hakuiita, wala hana habari nayo: mpita njia. Nataka niwaonyeshe misiba miwili iliyompata mtu huyo.

Msiba wa kwanza ulitokea New York, Marekani. Palikuwa na jumba refu la ghorofa 59, likiitwa Pan Am, na juu ya paa lake kiwanja cha kuwachukua abiria kwenda viwanja vya eropleni. Tarehe 16 Mei 1977 helikopta moja aina ya Sikorsky S-61 ilikuwa imetua juu ya paa, mapanga yakizunguka, na abiria wakipanda. Mguu mmoja wa chombo ukavunjika kwa uchovu wa chuma, kikalala ubavu. Mapanga yakaua watu wanne pale juu. Kipande cha panga kikaanguka kutoka paani hata barabarani, kikamwua mwanamke aliyekuwa akienda zake kwa miguu. Kiwanja kile kikafungwa, wala hakikufunguliwa tena. Chanzo kilikuwa mguu wa chombo, si vipimo vya paa. Lakini kosa la chuma juu ya ghorofa ya 59 lilimfikia mtu aliyekuwa chini barabarani, kwa sababu mahali palipochaguliwa pa kutua palikuwa juu ya kichwa chake.

Msiba wa pili ni wa karibu zaidi, nao ndio nitakaoukalia, kwa kuwa umejaa mambo ya ofisi. Ni huko Plymouth, Uingereza, katika hospitali iitwayo Derriford. Tarehe 4 Machi 2022 helikopta ya walinzi wa pwani, ya aina ile ile ya S-92 niliyoitaja, ilikuwa ikimleta mgonjwa. Uwanja wa hospitali uko chini, na kando yake pana maegesho ya magari yatumiwayo na watu wote. Chombo kilipokuwa kikishuka, upepo wake ukawapiga watu waliokuwa katika maegesho. Mama mmoja mzee akaangushwa, akaumia kichwa, akafa. Mwingine akaumia vibaya. Chombo hakikuvunjika, rubani hakupotea njia, na mgonjwa alifika. Kwa macho ya kitabu cha safari, ilikuwa safari njema.

Idara ya Uingereza ya kuchunguza ajali za ndege ilichunguza jambo hilo, ikatoa taarifa yake mwaka 2023. Nawaomba makarani wenzangu mtege masikio, maana yaliyomo katika taarifa ile twayajua sote.

Jambo la kwanza: uwanja ule ulikuwa umejengwa kwa kufuata maelekezo yaliyokuwapo wakati wa kujengwa. Hapakuwa na hila. Ila maelekezo yenyewe hayakuitazama vya kutosha habari ya upepo wa helikopta.

Jambo la pili: baada ya uwanja kujengwa, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ilitoa kitabu kipya juu ya viwanja vya hospitali. Kitabu hicho kilieleza habari ya upepo zaidi, na kushauri pawe na eneo tupu la meta 30 hivi kuzunguka uwanja kwa vyombo vya kadiri, na meta 50 hata 65 kwa vyombo vikubwa. Lakini hakikuwalazimisha wenye viwanja vya zamani. Na wachunguzi walipouliza hospitalini, hapana hata mmoja kati ya waliohojiwa aliyejua kuwa kitabu hicho kipo. Waraka ulikuwapo duniani, lakini haukuwafikia watu uliowahusu.

Jambo la tatu: malalamiko yalikuwa yamekwisha kuletwa kabla ya siku ile juu ya upepo. Wala hayakutupwa. Yaliandikwa, yakachunguzwa, na kila moja likapatiwa dawa yake. Lakini yalishughulikiwa moja moja, hapakuwa na mtu aliyeyakusanya yote akauliza, "Mbona haya yote yatoka katika maegesho yale yale?" Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale kila tundu lilizibwa kwa udongo kidogo, ila hakuna aliyerudi nyuma hatua kumi akauona ufa mzima.

Jambo la nne ndilo la kuhuzunisha kuliko yote. Nahodha wa helikopta aliamini kwamba watumishi wa hospitali wangezuia watu katika maegesho. Rubani msaidizi wake, aliyeketi kando yake katika chombo kimoja, aliamini kwamba watumishi wale kazi yao ni kuulinda uwanja wenyewe tu. Nao wasimamizi wa uwanja walikuwa wameifikiria hatari ya upepo ndani ya mipaka ya uwanja tu, na ulinzi wote ukaishia ukingoni. Basi kila mmoja alikuwa na kazi yake, na kila mmoja aliifanya. Ila kipande kile cha ardhi kati ya ukingo wa uwanja na mwisho wa upepo hakikuwa kazi ya mtu yeyote. Katika kipande hicho ndipo alipopita yule mama.

Hii ndiyo maana ya mazungumzo yangu yote, Bwana Rais. Usalama wa mahali pa kutua hauishi penye rangi nyeupe. Huishia pale upepo unapoishia, na mpaka huo yafaa uandikwe katika karatasi, pamoja na cheo cha mtu atakayeulizwa habari zake.

Sasa mtaniuliza, na leseni? Je, kiwanja kile kilikuwa na leseni? Jibu ni kwamba katika Uingereza viwanja vya helikopta vya hospitali havilazimishwi kuwa na leseni ya Mamlaka. Kiwanja cha Battersea, kilichoko kando ya mto Thames huko London, na kilichofunguliwa mwaka 1959, kina leseni. Viwanja vya hospitali huendeshwa kwa maelekezo na mashauri. Katika Marekani pia sheria ina sura yake: anayetaka kujenga kiwanja cha helikopta yampasa kwa kawaida kuiarifu serikali kuu ya nchi siku zisizopungua 90 kabla ya kuanza, ili itazamwe kama kitadhuru njia za angani, na majimbo nayo yana sheria zao za ruhusa.

Wako watu wanaodhani leseni ni kodi tu, au karatasi ya kupamba ukuta. Sivyo. Ukiichambua, leseni ni maswali yanayoulizwa kabla ya msiba badala ya baada yake. Mwenye mahali hapa ni nani? Nani atapasimamia kila siku? Ramani yake iko wapi, na ni nani aliyeipima? Chombo kikubwa kinachoruhusiwa ni kipi? Zana za moto ziko wapi, na zilikaguliwa lini? Leseni hii itakwisha lini, na nani atakuja kutazama tena? Mtu akijibu maswali hayo kwa maandishi na kutia sahihi, amejifunga. Hawezi kusema baadaye, "Nilidhani ni kazi ya fulani."

Lakini tusidanganyike kwa upande wa pili pia. Leseni yaweza kutolewa kwa haki, na vipimo vikawa sawa, kisha mambo yakabadilika. Mti hukua. Jirani hujenga ghorofa. Kampuni ya simu husimamisha mnara. Maegesho hupanuliwa mpaka yaukaribie uwanja. Helikopta ndogo iliyokuwa ikija hubadilishwa ikaja kubwa yenye upepo maradufu. Karatasi ya mwaka ule haina macho ya kuyaona hayo. Kwa hiyo mahali penye leseni pana haja ya mtu anayetazama, na mahali pasipo na leseni pana haja hiyo zaidi, kwa kuwa hapana mkaguzi atakayekuja kumwamsha aliyelala.

Nirudi sasa nyumbani kwetu. Mambo haya katika Tanzania yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na katika Kenya chini ya Mamlaka ya nchi hiyo. Mtu binafsi, kampuni, hospitali au halmashauri ikitaka kutengeneza mahali pa kudumu pa kutua helikopta, yapasa kuiandikia Mamlaka kwanza, wala isianze kumwaga saruji kisha ikaomba. Na ieleweke kwamba ruhusa ya mwenye ardhi si ruhusa ya Mamlaka, wala ruhusa ya Mamlaka haimwondolei mwenye ardhi wajibu wake kwa majirani. Ni karatasi mbili mbali mbali, na jalada lililo kamili huwa na zote mbili.

Lakini sote twajua kwamba katika nchi zetu helikopta nyingi hazitui katika viwanja vya kudumu. Hutua katika viwanja vya mpira, vya shule, na penye malisho. Huja na wageni wakubwa. Huja wakati wa kampeni za uchaguzi. Huja kuchukua mgonjwa, au kupeleka chakula penye mafuriko. Na kila inapokuja, watu hukusanyika. Watoto huikimbilia kabla haijagusa ardhi. Mama hutoka na mtoto mgongoni ili naye aone. Huu ni udadisi wa kibinadamu, si ujinga. Na kwa kuwa ni wa kibinadamu, yatupasa kuutazamia kabla, si kuukemea baadaye.

Hapa ndipo ninapowajibu wale waliouliza jambo hili latuhusu nini. Kabla helikopta haijatua katika uwanja wa shule, barua huja. Kama si barua, huja simu, au mtu huleta neno kwa mdomo. Hufika mezani kwa karani. Karani wa masjala huigonga mhuri, huipa namba ya jalada, huipeleka kwa mkubwa wake, kisha huandika nakala kwa polisi, kwa mwalimu mkuu, kwa afisa wa afya na kwa mtendaji wa kijiji. Nakala moja ikikaa katika trei siku mbili, mwalimu mkuu atazisikia habari za helikopta kwa mlio wake angani, watoto wakiwa uwanjani. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; sisi makarani twabeba mizigo ya wengine katika karatasi, na kwa kuwa karatasi ni nyepesi twasahau uzito wa kilichoandikwa ndani yake.

Kwa hiyo, barua ya namna hiyo ikifika, nashauri karani asiishie kuiandika katika daftari ya barua ziingiazo. Ajiulize maswali saba, na lisilo na jibu aliandike katika karatasi ndogo, ampelekee mkubwa wake kwa adabu.

Kwanza, helikopta hiyo ni ya aina gani, na uzito wake ni kiasi gani? Bila kujua hilo, hakuna ajuaye upepo wake utafika wapi.

Pili, mwenye ardhi amekubali kwa maandishi, na Mamlaka imeulizwa kama inavyotakiwa?

Tatu, ni nani aliyekwenda kwa miguu yake kupatazama mahali penyewe? Kuna nyaya? Kuna mabati mabovu, milingoti ya goli, kamba za nguo, vumbi la kiangazi lisilomwagiwa maji?

Nne, watu watazuiwa umbali gani, na kwa kitu gani? Kamba na askari wawili si kitu kimoja na neno "watu wasogee."

Tano, maji au dawa ya moto iko wapi, na nani aliyefundishwa kuitumia?

Sita, nani atakayesema na rubani? Awe mmoja tu, naye rubani aijue namba yake ya simu kabla ya kuruka. Na ajue kwa hakika kazi ipi itafanywa na watu wa chini na ipi haitafanywa.

Saba, baada ya chombo kuondoka, nani ataandika yaliyotokea, hata kama ni kibanda kimoja tu kilichopeperuka? Na andiko hilo liwekwe katika jalada moja na mengine ya mahali hapo, ili atakayelifungua mwakani aone habari zote pamoja.

Swali hili la saba ndilo dogo kuliko yote, na ndilo lililokosekana kule Plymouth. Malalamiko yalikuwapo; kilichokosekana ni jicho la kuyasoma kwa pamoja. Nani katika ofisi anayeona barua za mwaka mzima zikipita mbele yake? Wakubwa huhamishwa, daktari hutazama wagonjwa, rubani hutazama anga. Ni karani ndiye aonaye kwamba barua ya Machi na barua ya Agosti zasema jambo moja. Akinyamaza, hapana mwingine atakayejua.

Najua yuko atakayepinga, na hoja yake ni ya haki. Atasema, "Masharti haya yote yatamchelewesha mgonjwa. Mama anatokwa na damu kijijini wakati wa masika, barabara imekatika, na wewe wauliza mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo!" Namjibu hivi. Jambo la dharura ni la dharura. Rubani aliyefundishwa huchagua mahali kwa macho yake, akapima hatari ya kutua na hatari ya kumwacha mgonjwa, akaamua. Hapana mtu mwenye akili atakayemzuia kwa karatasi. Lakini dharura haiji kila siku mahali pale pale saa ile ile. Mahali ambapo helikopta hutua kila mwezi si pa dharura tena, ni uwanja, hata kama hapajapakwa rangi. Na mgeni ambaye ratiba yake ilichapwa juma zima kabla si dharura. Katika hayo hatuna udhuru.

Tena tukumbuke kwamba hata pale Derriford chombo kilikuwa katika kazi ya rehema. Kumwokoa mmoja hakukuhitaji kumpoteza mwingine. Kama maegesho yale yangalifungwa kwa dakika chache, au watu wakaambiwa wangoje, mgonjwa angalifika vile vile, na yule mama angalirudi kwake. Ulinzi hauipingi rehema, Waheshimiwa. Huifanya rehema isimdhulumu mtu ambaye hana sauti katika jambo lenyewe.

Bwana Rais, kabla ya kuketi naleta shauri moja mbele ya mkutano, nikiomba lijadiliwe. Kila mwanachama afanyaye kazi katika ofisi ambayo eneo lake lina mahali pazoeleka kutua helikopta, iwe hospitali, shule, shamba au hifadhi, amwombe mkubwa wake ruhusa ya kufungua jalada moja la mahali hapo. Ndani yake mna mambo manne tu: ramani yenye alama ya mpaka ambao watu hawapiti wakati wa kutua, cheo cha msimamizi, barua za ruhusa, na kumbukumbu ya kila jambo lililotokea. Kazi hiyo haihitaji fedha mpya, wala haimpunguzii mtu cheo chake. Yahitaji kalamu, na mtu asiyechoka kuuliza.

Sisi watumishi hatutapewa sifa kwa msiba usiotokea. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba siku fulani, katika uwanja wa shule fulani, helikopta ilitua, watoto wakatazama kutoka nyuma ya kamba, na wote wakarudi darasani. Lakini mzazi aliyemtuma mwanawe shuleni asubuhi ile, akampokea jioni, amepata haki yake, hata kama hajui jina la karani aliyeipeleka nakala ya barua kwa wakati wake.

Aliye na swali aulize, na aliye na shauri bora kuliko langu alilete, tulipime pamoja.